UA LA USAMBARA KATIKA BARAZA YA BARIADI



Watu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wanajua pamba, mtama, viazi na ng'ombe. Ukiwaambia habari za kutunza ua ndani ya kopo, wengi watakujibu, "Maua hayaliwi." Ni kweli, hayaliwi. Lakini ua tutakaloeleza leo halidai shamba wala jembe, na kwa juma zima kikombe kimoja au viwili vya maji vinalitosha. Tena ni mali ya nchi yetu, na huko kwao milimani linazidi kupungua.

Ua lenyewe ni ua la Usambara. Majani yake ni manene, yana manyoya laini kama mahameli, na yamejipanga duara kama sahani. Katikati hutokea maua madogo ya zambarau au buluu. Yaliyozalishwa bustanini huwa pia ya waridi au meupe. Si mmea wa msimu mmoja kama mahindi. Ukitunzwa vizuri huishi miaka mingi.

Lilikotoka

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka ua hili Ujerumani kwa baba yake. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina la kitaalamu Saintpaulia, kutokana na jina la ukoo huo. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika kundi la Streptocarpus, lakini jina la zamani bado linatumika. Wajerumani mpaka leo huliita Usambaraveilchen. Kutokana na mimea michache iliyotoka Afrika Mashariki, wakulima wa maua wa Ulaya na Marekani wamezalisha aina maelfu, na sasa linauzwa karibu dunia nzima.

Porini linaota Tanzania na Kenya tu, katika milima kama Usambara, Uluguru, Nguru na Taita. Huota juu ya miamba, kivulini, karibu na vijito. Mti mkubwa ukikatwa, jua hupiga mwamba, unyevu hukauka, na ua hufa ingawa hakuna mtu aliyeligusa. Kwa hiyo usimtume mtu akakung'olee porini. Amani, huko Usambara Mashariki, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na kuchukua mimea humo bila kibali ni kosa. Wala hakuna haja. Jani moja la ua la nyumbani, kutoka kwa rafiki au kwa muuza maua, linatosha kuanzia.

Je, litaota Bariadi?

Utasema, "Hili ni ua la milimani, sisi tuko mbugani." Fikiri hivi. Mto Simiyu huteremka kwenda Ziwa Victoria, na ziwa lenyewe liko kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Basi sisi tulio upande wa juu wa mto tuko juu zaidi ya hapo. Amani iko kwenye meta 900 hivi. Kwa urefu tu, Bariadi imeizidi Amani!

Shida yetu ni ukavu. Amani hupata mvua kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka. Sisi tunapata kama nusu ya hiyo au pungufu, halafu kuanzia Juni hadi Septemba ni upepo na vumbi. Kwa hiyo kazi yako ni moja, nayo ni kulitengenezea ua hili kivuli na unyevu, yale mambo mawili ambayo msitu hulipatia bure.

Jambo moja linatusaidia. Ua hili hupenda mwanga wa saa 12 hivi kwa siku. Wazungu katika majira ya baridi hulazimika kuliwashia taa. Sisi tulio karibu na Ikweta tunapata saa hizo mwaka mzima, nalo laweza kutoa maua katika mwezi wowote.

Mahali pa kuliweka

Liweke barazani au karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa kutosha kusoma gazeti lakini jua lisipopiga majani. Jua la saa moja asubuhi halidhuru sana. Jua la saa nane mchana linaliunguza. Likinge na upepo. Usiliweke karibu na mafiga, kwa kuwa moshi na joto la moto hulidhoofisha. Joto linalolifaa ni kati ya nyuzi 18 na 24. Mchana wa Septemba na Oktoba utazidi hapo, basi lihamishie ndani, upande wa nyumba wenye ubaridi.

Ili kuleta unyevu, chukua sahani pana, ijaze kokoto, mimina maji yasifunike kokoto, kisha uweke kopo juu yake. Maji yakipanda hewani taratibu, majani hupata unyevu. Lakini tako la kopo lisiguse maji.

Udongo na chombo

Udongo mweusi wa mbuga haufai hata kidogo. Ukilowa hushikana kama ugali, ukikauka hupasuka. Mizizi ya ua hili ni myembamba na inahitaji hewa. Changanya makopo mawili ya mboji ya majani yaliyooza chini ya miti, kopo moja la mchanga wa mtoni uliooshwa, na kopo moja la mkaa uliopondwa na kuoshwa vumbi lake. Ukiogopa wadudu, uchome mchanganyiko huo kwa mvuke katika sufuria kuukuu kwa nusu saa, uache upoe.

Chombo kiwe kidogo. Wengi hukosea hapa kwa kudhani chombo kikubwa ni heshima. Upana wa kopo uwe kama theluthi ya upana wa majani yakiwa yametandazika. Kopo likiwa kubwa, udongo hubaki na maji mengi na mizizi huoza. Toboa matundu chini.

Kumwagilia

Gusa udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu juu, weka kopo katika bakuli la maji kwa nusu saa, halafu litoe na umwage yaliyobaki kwenye mchicha. Usimwagie maji juu ya majani, hasa maji baridi, kwani yatapata madoa. Wala usiyaache maji yatuame katikati ya majani machanga, yataoza.

Maji ya mvua ndiyo bora. Kama kisima chako kina maji ya chumvi, kinga mvua katika pipa na utenge kidogo kwa ajili ya kiangazi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi. Pitisha maji ya mvua mengi hadi yatoke chini, mara mbili au tatu.

Hili likumbuke sana. Jani likilegea na udongo ni mkavu, ua lina kiu. Jani likilegea na udongo ni mbichi, mizizi imeoza, na kuongeza maji ni kulimalizia. Hapo kata jani zima lililo salama, uanze upya.

Mara moja kwa mwezi lipe chakula. Loweka konzi moja ya samadi iliyooza katika ndoo ya maji usiku kucha, chuja, kisha punguza kwa maji hadi rangi iwe kama chai nyepesi.

Kuzalisha kwa jani

Marando ya viazi unayapanda kwa shina. Ua hili linapandwa kwa jani lenyewe. Chagua jani lililokomaa la safu ya katikati, si la chini lililozeeka. Kata kikonyo kwa wembe safi, kimshazari, kibaki kiasi cha sentimeta 3. Kichomeke sentimeta moja na nusu katika mchanga na mkaa uliolowa kidogo. Funika kwa chupa nyeupe ya plastiki iliyokatwa tako, uweke kivulini penye mwanga.

Baada ya mwezi hivi mizizi hutoka. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vitoto vikichipua chini ya jani, mara nyingi zaidi ya kimoja. Vikiwa na majani manne kila kimoja, vitenganishe, kila kimoja na kikopo chake. Maua huanza kati ya miezi sita na tisa tangu kupanda jani. Ila aina zenye mistari kwenye maua, watoto wake mara nyingi hawafanani na mama.

Jani la kutoka mbali, tuseme Mwanza au Tanga, lifunge kwa karatasi yenye unyevu ndani ya kikopo chenye kifuniko. Litavumilia safari ya siku kadhaa.

Wadudu, na onyo

Adui mkubwa ni vidung'ata, wadudu weupe kama unga wanaojificha kwenye vikonyo. Chovya pamba katika spiriti, wapanguse mmoja mmoja. Ua jipya litenge mwezi mmoja kabla ya kulichanganya na mengine.

Hapa, ndugu mkulima, tega sikio. Katika nyumba nyingi za wakulima wa pamba huwa imebaki dawa ya kupulizia shambani. Usithubutu kuitumia kwa ua lililo barazani, mahali watoto wanapolala mchana na chakula kinapowekwa. Dawa hiyo ni sumu, na kopo lake lisitumike kupandia ua wala kuchotea maji. Ua la Usambara lenyewe halina sumu, tofauti na mnyaa wa uani ambao utomvu wake huumiza macho. Usiligeuze kuwa sumu kwa mikono yako. Ua likishambuliwa sana, lichome moto. Jani moja kutoka kwa jirani litakurudishia.

Na ndiyo sababu ya kugawana. Ukipata vitoto vitano, baki na viwili, vitatu viende kwa jirani, shuleni na zahanati. Kiangazi kikiua la kwako, la mwenzako litakuwapo. Mwanafunzi aliyeotesha ua hili kwa jani hatashindwa baadaye kukuza miche ya miti, na akisikia msitu wa Usambara unakatwa atajua ni kitu gani kinapotea.

Ukikwama, muone bwana shamba au bibi shamba wa kata yako, ukiwa na jani lenye ugonjwa mkononi. Kazi njema.