Nepi, mavi na magunzi mdomoni: ni wakati gani mwenye mbwa anapaswa kuogopa?

Mwenye kufuga mbwa Goma, Bukavu ao Butembo anaona mengi kabla ya jua kupanda. Mlango wa parsele unafunguliwa, mbwa anatoka, na nusu saa baadaye anarudi na nepi ya mtoto mdomoni, haijulikani imetoka parsele gani. Siku ingine ni mfupa wa mbuzi, panya aliyeoza, sashe iliyofungiwa samaki, ao gunzi la muhindi wa kuchoma ambalo mpita njia alitupa jana usiku. Kisha mbwa huyo huyo anakuja kulamba mtoto kwenye uso. Watoto wanacheka, mama anapiga kelele, na mambo yanaishia hapo.

Lakini kati ya mambo haya kuko yanayochekesha tu, kuko yanayoua mbwa, na kuko moja linaloweza kuua mtu wa nyumba. Inafaa kuyatenganisha.

Tuanze na lile linalochukiza kupita mengine: mavi. Si mbwa mgonjwa peke yake anayeyala. Mbwa jike akizaa, kwa majuma ya kwanza anakula mavi ya watoto wake ili pahali pao pabaki safi. Mwaka 2018, kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, Marekani, kikiongozwa na Benjamin Hart, kilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa kuuliza maelfu ya wafugaji. Asilimia 16 ya mbwa, ni kusema karibu mmoja kati ya sita, walikuwa wameonwa wakila mavi ya mbwa mara sita ao zaidi. Na karibu kila mara walichagua mavi mapya, yasiyopitisha siku mbili.

Maelezo ya watafiti hao ni kwamba huu ni urithi wa mbwa mwitu. Mayai ya minyoo yaliyo ndani ya mavi yanahitaji siku kadhaa mbele ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Anayekula mavi mapema anasafisha pango kabla ya hatari kufika. Kwa hiyo mbwa wako hana kiburi wala hajakosa akili. Kumgombeza hakusaidii sana, na dawa za dukani ndizo zinasaidia kidogo zaidi: katika uchunguzi ule ule, bidhaa 11 zinazouzwa ili kumkomesha mbwa zilifaulu kwa asilimia kati ya 0 na 2. Kwa maoni yetu, feza hiyo ni heri inunue jembe. Mavi ya parsele yaondolewe kila asubuhi na kufukiwa, basi.

Kinachomwongoza mbwa ni pua, si ulimi. Ulimi wake una vionjo karibu 1,700, wakati wa mtu una 9,000 hivi. Kwa pua anatupita mbali sana. Kile ambacho kwetu ni uvundo, kwake ni habari: nani amepita, amekula nini, ana afya gani. Nepi iliyotumika ina harufu ya maziwa, ya mkojo na ya mtu. Hawezi kuipita hivi hivi.

Na kuko historia ya tumbo. Mbwa wengi wa kwetu hawajapata kuonja chakula cha mbwa cha dukani. Wanaishi kwa bugali, mabaki ya sombe, vichwa vya sambaza. Na wanakua. Mwaka 2013, watafiti wa Uppsala kule Sweden walionyesha katika jarida Nature kwamba jeni moja inayosaidia kusaga wanga tumboni, ambayo mbwa mwitu anayo kwa nakala 2, mbwa wa nyumbani anayo kwa nakala kati ya 4 na 30. Mbwa alizoea chakula cha mtu mpaka kikaingia katika damu yake. Hata basenji, yule mbwa asiyebweka anayefugwa leo Ulaya na Marekani kama mbwa wa kitajiri, asili yake ni mbwa wa vijiji vya Kongo, na wazee wake walikula walichoachiwa.

Majani nayo yasikuogopeshe. Wengi wanasema mbwa anakula majani kwa sababu anaumwa tumbo. Uchunguzi mwingine wa Davis, wa mwaka 2008, ulionyesha kwamba asilimia 68 ya mbwa walikula majani kila siku ao kila juma, na asilimia 8 tu ndio walionekana wagonjwa mbele ya kuyala.

Kinachoziba tumbo

Hapa kicheko kinaisha. Gunzi la muhindi ni adui mkubwa kuliko mavi. Haliyeyuki tumboni, na mbwa analimeza kwa vipande ambavyo vinakwama ndani ya matumbo madogo. Kokwa la avoka na la embe ni vile vile. Nepi ina unga unaonyonya maji na kuvimba. Ule unaotunza mtoto akiwa mkavu usiku kucha ndio unavimba ndani ya mbwa. Soksi, kamba, na uzi wa kufungia nyama vinafanya jambo baya zaidi: upande mmoja unakwama, upande mwingine unaendelea kusukumwa, na matumbo yanajikunja mpaka yanakatika. Ukiona uzi unatokea nyuma ya mbwa, usiuvute.

Mfupa mbichi mkubwa si hatari kama ule uliopikwa. Mfupa wa kuku uliopitia motoni unapasuka kwa ncha kali sawa sindano. Mezani, wengi wetu tunautupia mbwa kama zawadi.

Dalili zinajulikana: mbwa anatapika na kurudilia, anakataa hata nyama, haendi choo, tumbo linakuwa gumu na hataki uliguse. Hapo ni kumwita veterineri siku ile ile, maana operesheni ya mbwa haipatikani katika kila mji wa kwetu, na kila saa inayopita inapunguza nafasi yake.

Sumu ni jambo lingine. Kitunguu na kitunguu saumu, vibichi ao ndani ya mchuzi, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti inamsumbua moyo. Lakini kinachoua mbwa wengi zaidi katika miji yetu, kwa jinsi waandishi wa habari tunavyosikia kila mara malalamiko, ni dawa ya panya. Aina nyingi zinazuia damu kuganda: mbwa anakula chambo leo, anabaki mzima siku mbili ao zaidi, kisha anaanza kutoka damu puani ao kwenye fizi. Kuko dawa yake, vitamini K1, ikiwa itatolewa mapema. Mafuta ya mawese na maziwa, ambavyo jirani atakushauri mara moja, havifuti sumu hiyo. Na mafuta yanayomiminwa kwa nguvu katika koo la mbwa aliyelegea yanaweza kuingia katika mapafu. Chumvi ndiyo mbaya kabisa. Beba mfuko wa ile dawa, umwonyeshe veterineri.

Mizoga na matumbo ya wanyama

Mbwa anayezunguka pahali pa kuchinjia anaonekana kuwa na bahati. Anatupiwa maini na mapafu yenye uvimbe ambayo wachuuzi hawawezi kuuza. Ndani ya uvimbe huo mara zingine kuko watoto wa mnyoo mdogo sana, wa milimita chache, ambaye anakomaa ndani ya mbwa bila kumfanya mgonjwa. Mayai yanatoka kwa mavi, yanashika manyoya, na mbwa anayejilamba nyuma kisha kulamba uso wa mtoto anayapeleka moja kwa moja. Ndani ya mtu, yai linafanya mfuko wa maji katika ini ao mapafu, unaokua polepole kwa miaka. Turkana, kaskazini mwa Kenya, panajulikana duniani kwa ugonjwa huu. Kuuzuia si kazi ngumu: maini yenye uvimbe yachomwe ao yafukiwe chini sana, na mbwa apewe dawa ya minyoo yenye praziquantel.

Samaki pia wana hadisi yao. Mwezi wa Desemba 2022, OMS ilitangaza kwamba Kongo haina tena mnyoo wa Guinea. Mgonjwa wa mwisho alijulikana mwaka 1958. Lakini Chad, nchi inayopambana nao bado, iligundua tangu 2012 kwamba mnyoo huo umehamia kwa mbwa. Mwaka 2019 peke yake, zaidi ya mbwa 1,900 waliambukizwa huko. Watafiti waliwatazama wavuvi na kuona mbwa wakila matumbo ya samaki kwenye ukingo wa mto. Leo wakaaji wanaombwa kufukia matumbo hayo, na mwenye kumfunga mbwa mgonjwa anapewa zawadi ya feza.

Na Ebola? Kwa watu wa Beni, Butembo na Mangina, ambao walipitia ugonjwa wa 2018 mpaka 2020 uliofikia watu 3,470 na kuua 2,287, ulizo si la mchezo. Gabon, wakati wa Ebola ya 2001 na 2002, mbwa walionekana wakila mabaki ya wanyama waliokufa na kulamba matapishi ya wagonjwa. Watafiti walipima damu ya mbwa, na katika vijiji ambako kulikuwa mizoga yenye Ebola, zaidi ya asilimia 30 walikuwa na alama za kukutana na kirusi. Hawakuugua. Mpaka leo hakuna mtu anayejulikana kwamba aliambukizwa Ebola na mbwa. Lakini kumwacha mbwa azunguke kwenye nyumba yenye mgonjwa, hapana.

“Mfupa” ambao si mfupa

Lile jambo moja tulilosema mwanzo ni hili. Mbwa aliyekula vizuri maisha yake yote, halafu kwa ghafula anaanza kutafuna mbao, mawe, udongo, chuma cha mlango, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita raje. Si kama mtoto wa mbwa wa miezi minne anayeota meno na kutafuna viatu vyako. Huyo ni mzima. Cha kuangalia ni badiliko la ghafula: mpole anakuwa mkali, mkali anakuwa mpole kupita kiasi, sauti inabadilika.

Kuko sura ingine, ya kimya, na hiyo ndiyo inadanganya watu. Mdomo unabaki wazi, taya limelegea, mate yanachuruzika, mbwa hawezi kumeza. Kila mtu anasema: amekwamwa na mfupa. Mwenye huruma anaingiza mkono kooni ili kuutoa. Mfupa hakuna, na mate yenye kirusi yameingia katika mkwaruzo wa vidole vyake. Usiingize mkono. Mfungie mbwa pahali pamoja, toa watoto karibu, ita veterineri.

Kwa hesabu ya OMS, kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kati ya siku ya kuumwa na siku ya dalili, mara nyingi miezi miwili ao mitatu inapita, na kwa sababu hiyo familia zinasahau.

Aliyeumwa, aliyekwaruzwa, ao aliyelambwa pahali penye kidonda, aoshe hapo kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, bila kupaka majani wala jiwe jeusi, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo, hata kama inaomba kusafiri mpaka mji mwingine. Mbwa asiuawe kwa mawe, na nyama yake isipelekwe jikoni kwa mtu yeyote. Afungwe na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na raje siku aliyouma.