Gia za Baiskeli

Watoto wa Kenya, katika mji wa Lubumbashi, huwaona watu waletao makala kutoka vijijini. Huja kwa barabara za Likasi, Kipushi na Kasenga, magunia yamefungwa juu ya baiskeli, au kinga kama tusemavyo kwetu. Nyingi za baiskeli hizo zina kisahani kimoja tu cha meno huko nyuma. Wakifika penye mlima, watu hushuka, wakasukuma.

Lakini baiskeli nyingine, hasa zile kuukuu zitokazo Ulaya, zina visahani vitano, sita au zaidi. Hizo ndizo gia. Hesabu mwenyewe! Kisahani cha mbele kikiwa na meno 42 na cha nyuma 14, ukizungusha pedali mara moja, gurudumu huzunguka mara 3. Mnyororo ukipanda juu ya kisahani chenye meno 28, gurudumu huzunguka mara moja na nusu tu. Mwendo ni wa polepole, lakini miguu hupata nguvu ya kupanda mlima.

Mnyororo husogezwa na mkono mdogo wa chuma uvutwao na waya. Waya mpya hulegea baada ya siku chache. Hapo mnyororo hulia kra-kra, nao hukataa kupanda. Kumwita fundi si lazima. Pindua baiskeli ikae juu ya kiti na usukani. Mmoja azungushe pedali, mwingine atazame. Vidole vikae mbali na meno. Mahali waya unapoingia katika ule mkono pana nati ndogo ya kuzungushwa kwa vidole. Izungushe nusu mzunguko, kama mtu afunguaye skrubu. Ajabu ni kwamba waya hukazika badala ya kulegea! Jaribu tena. Mnyororo ukikataa kushuka, umekaza mno, rudisha kidogo.

Karibu na hapo pana skrubu mbili, mara nyingi zimeandikwa H na L. Hizi msizichezee ovyo. H huzuia mnyororo usianguke nje, upande wa kisahani kidogo. L huuzuia usipite kisahani kikubwa ukaingia katika spoku. Ukiingia huko, gurudumu hukwama ghafula, na mpandaji hutupwa chini pamoja na mzigo wake. Basi, ukiona mnyororo unapita hivyo, kaza L robo mzunguko kwa bisibisi. Kisha upandishe na kuushusha mara kumi, baiskeli ikiwa bado imepinduliwa, kabla mtu hajaipanda.