Bendera Peke Yake Haisemi Meli ni ya Nani

Sukari na saruji ya Zambia inayofika madukani Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, hupakiwa melini Mpulungu na kupandishwa kaskazini karibu urefu wote wa Ziwa Tanganyika, ambalo lina kilomita zipatazo 670. Katika takwimu za usafiri wa majini, chombo kilichoibeba huwekwa katika kundi moja kati ya mawili: meli ya nyumbani au meli ya nje. Kinachoamua ni usajili, yaani bendera. Mgawanyo huu una kazi yake, na hakuna sababu ya kuufuta. Kosa ni kuutumia kujibu maswali matatu, ilhali uwezo wake ni wa kujibu moja tu.

Swali unaloweza kulijibu ni hili: nani anawajibika kisheria? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema meli ina uraia wa nchi ambayo inastahili kupeperusha bendera yake. Nchi isiyo na pwani haikuachwa nje, kwani Azimio la Barcelona la mwaka 1921 lilikwisha kuitambulia haki ya kuwa na bendera majini. Nchi ya usajili ndiyo inayotoa cheti, inayokagua chombo na inayochunguza ajali. Kulitambua jambo hilo ni kazi nyepesi. Nyuma ya meli huandikwa jina lake na bandari ya usajili: Bujumbura, Kigoma, Kalemie. Na kama ina redio ya kisasa yenye namba ya utambulisho ya tarakimu tisa, tatu za mwanzo zinaitaja nchi: 609 ni Burundi, 674 na 677 ni Tanzania, 676 ni Kongo, 678 ni Zambia. Karani anamaliza kazi yake bila kumuuliza mtu.

Lakini wepesi huo ndio unaotupotosha. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli 36 za mafuta za Iran zilikuwa zimepewa bendera ya Tanzania, kwa usajili wa Zanzibar uliopitia kwa wakala aliyekuwa Dubai. Kwa kipimo cha usajili zilikuwa za Tanzania, ingawa mafuta, wamiliki na biashara yenyewe havikuwa vya huko, na serikali ikazifuta. Mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, meli nyingine mbili zenye bendera hiyo hiyo, Kaluba na Andromeda, zilikamatwa mbali kabisa na Tanzania, moja ikiwa na dawa za kulevya na nyingine ikiwa na shehena ya vilipuzi. Rais Magufuli akaamuru usajili wa meli za nje usimamishwe kwa muda. Mongolia, isiyopakana na bahari hata kidogo, ilifungua daftari lake la meli mwaka 2003, na likaendeshwa kutoka Singapore. Ndiyo maana UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, huchapa majedwali mawili tofauti. Katika jedwali la bendera zinaongoza Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall. Katika jedwali la wamiliki zinaongoza Ugiriki, China na Japani.

Swali la pili ni la fedha, na kwa Burundi inayohangaika kupata dola si swali dogo. Mwongozo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu urari wa malipo hauangalii bendera. Unaangalia anayeiendesha meli ana makazi ya kiuchumi katika nchi gani. Tuchukue meli iliyosajiliwa Bujumbura lakini imekodiwa na kuendeshwa na kampuni ya Zambia: nauli ya mizigo inayolipwa na mfanyabiashara wa Cibitoke inatoka nchini, hata kama bendera ni ya nyumbani. Igeuze hali hiyo, bendera iwe ya Kongo na mwendeshaji awe wa Bujumbura, na fedha inabaki. Anayekadiria mahitaji ya fedha za kigeni kwa kuhesabu bendera atakosea pande zote mbili.

Swali la tatu ni safari yenyewe. Mei 2015, Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga walisafirishwa na MV Liemba hadi Kigoma. Bandari zote mbili ziko Tanzania na meli ni ya Tanzania. Kwa hiyo katika vitabu hiyo ni meli ya nyumbani katika safari ya ndani, wakati lililokuwa likitokea ni tukio la nchi mbili. Na kwa upande wetu Warundi, hata hilo neno «ya nje» linachanganya mambo. Tanzania na Kongo ziko nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki; Zambia haimo, lakini tuko nayo katika COMESA, ambako Tanzania ilijitoa. Ushuru na taratibu hufuata uanachama huo, kwa hiyo safu moja ya «nje» inaficha tofauti ambazo mfanyabiashara anazilipia.

Wapo watakaosema kwamba bendera ina cheti, ilhali umiliki hufichwa nyuma ya kampuni juu ya kampuni. Ni kweli, na ndiyo sababu bendera ibaki kuwa safu ya kwanza. Ila mwendeshaji si wa kutafutwa: ndiye anayetoa hati ya shehena na kudai nauli, na jina lake liko kwenye karatasi za bandari tayari. Wengine watasema ziwa ni dogo na kila mtu anajua meli ni ya nani. Anayejua ni aliyeko gatini leo. Mchumi atakayesoma jedwali baada ya miaka kumi hajui, wala mkaguzi aliyeko mji mwingine. Pingamizi zito zaidi ni gharama: makarani ni wachache na fomu ni nyingi. Hapo jibu ni kupunguza madai. Si lazima kumsaka mmiliki wa mwisho wa kila boti la ndagala. Meli za mizigo zinazovuka mpaka zinatosha kuanzia.

Basi kila meli ya namna hiyo iandikiwe mambo manne: bendera, mmiliki anayejulikana, mwendeshaji, na bandari ilikotoka na inakokwenda. Mwenye kutafuta wajibu wa kisheria asome la kwanza, Benki ya Jamhuri ya Burundi isome la tatu, forodha isome la nne. Na pale mmiliki asipojulikana, safu iandikwe wazi kwamba hajulikani, maana bendera ikijazwa mahali pake, msomaji ataamini kwamba swali limekwisha kujibiwa.