Siri ya kura za Nairobi imo katika sajili na mitaa

WAKENYA walipoelekea debeni Agosti 9, 2022, zaidi ya watu milioni moja waliosajiliwa kupiga kura Nairobi hawakuonekana vituoni. Kati ya wapiga kura 2,415,310 katika sajili ya kaunti hiyo, waliojitokeza walikuwa asilimia 56 hivi, ilhali kiwango cha taifa zima kilikaribia asilimia 65.

Uzito wa jambo hili unadhihirika katika kinyang'anyiro cha ugavana. Johnson Sakaja wa UDA alijizolea kura 699,392, naye Polycarp Igathe wa Jubilee akapata 573,516. Pengo baina yao lilikuwa kura 125,876. Waliokosa kupiga kura walilizidi pengo hilo takriban mara nane. Kwa maneno mengine, waliobaki nyumbani walikuwa na uwezo wa kuamua nani angesimamia maji, taka na zahanati za jiji.

Je, ni kwa nini idadi ya wanaojitokeza hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa?

Sababu ya kwanza ni sajili yenyewe. Kisheria, mpiga kura huruhusiwa kupiga kura katika kituo alikosajiliwa pekee. Nairobi ni jiji la wapangaji. Aliyejiandikisha akiishi Pipeline, kisha kodi ikamlemea akahamia Zimmerman, hubaki katika sajili ya Embakasi hadi atakapoomba kuhamishwa. Siku ya uchaguzi ikifika, asipofunga safari ya kurudi mtaa wa zamani, huhesabiwa kuwa amesusia. Hivyo basi, mtaa ambao wapangaji huingia na kutoka kila uchao huweza kuonekana mzembe hata kama wakazi wake wana ari.

Aidha, wapo wanaoishi jijini miaka nenda miaka rudi lakini wakajiandikisha mashambani walikozaliwa. Hao hawahesabiwi kabisa katika takwimu za Nairobi, ingawa wao pia huathirika mifereji ya jiji inapokauka.

Sababu ya pili ni kipato. Kibarua anayelipwa kwa siku hupima foleni ya saa kadhaa dhidi ya chakula cha jioni. Mkwasi naye ana kisima chake, mlinzi wake na shule ya kulipia, hivyo huenda asione analopungukiwa diwani akiwa huyu au yule. Kwa mkazi wa mtaa wa mabanda, hata hivyo, basari ya mtoto au tishio la kubomolewa nyumba huifanya ofisi ya mbunge kuwa jambo la kufa na kupona.

Kuhusu anayepigiwa kura, chimbuko lake ni historia ya makazi. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa misingi ya rangi: Wazungu wakatengewa sehemu za magharibi na kaskazini, Waafrika wakasukumwa Eastlands. Wafanyakazi wa reli na wa manispaa walipangiwa nyumba zao, nao Wanubi wakapewa makao Kibra. Waliofuata walitafuta hifadhi kwa jamaa zao, na polepole mitaa ikajijenga kwa udugu wa lugha na kazi.

Ndiposa mwaka 2022 ODM ilitwaa ubunge wa Kibra, Lang'ata, Mathare na Ruaraka, huku UDA ikinyakua Roysambu, Dagoretti Kusini na Embakasi Kaskazini. Kasarani ilimchagua mgombea huru.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba mpiga kura wa Nairobi ni mateka wa kabila. Mwaka 1961, Tom Mboya, Mluo kwa asili, alimbwaga Dkt Munyua Waiyaki kwa kishindo katika Nairobi Mashariki, ambako Wakikuyu walikuwa wengi. Vivyo hivyo, mnamo Agosti 2017, marehemu Raila Odinga aliongoza kwa kura za urais Nairobi, lakini ugavana ukamwendea Mike Sonko wa Jubilee. Mwaka 2022 hali ilijirudia: Raila alipata takriban asilimia 57 ya kura za urais jijini, nao wapiga kura wakamkabidhi Sakaja, wa kambi pinzani, ufunguo wa City Hall. Wito wa kupiga kura kwa mtindo wa suti, yaani chama kimoja kutoka juu hadi chini, haukuitikiwa na wote.

Msomaji anayetaka kuuelewa mtaa wake asiridhike na jumla ya eneobunge. Dagoretti Kaskazini, kwa mfano, inajumuisha Kilimani yenye maghorofa ya kifahari na Kawangware yenye vibanda vya mabati. Wastani wa pamoja hauwezi kuzieleza zote mbili. Ukweli umo katika Fomu 34A, ambayo huonyesha kura za urais katika kila kituo. Mwaka 2022, fomu hizo ziliwekwa kwenye mtandao wa tume ya uchaguzi ili kila raia ajisomee.

Uchaguzi mkuu ujao umeratibiwa kufanyika Agosti 10, 2027. Kwa mpangaji aliyehama, kampeni ya kwanza si ya jukwaani bali ni ya kuhamisha jina lake kabla usajili haujafungwa. Akichelewa, mtaa anamolipia kodi utaamuliwa na wengine.