Nafaka na Mvua Zinazobadilika (2): Nani Ataamia?

MAKALA iliyopita ilihusu mvua za msimu katika mikoa ya Dodoma na Singida: zinavyoanza kati ya Novemba na Desemba, zinavyoishia Aprili, na jinsi milimita 500 au 600 za mwaka zinavyoweza kuonekana za kutosha kwenye daftari la vipimo huku shamba linakauka. Leo tunashuka kwenye udongo wenyewe. Swali ni moja: ikiwa mbinu za kukabili ukame zinajulikana, mbona wakulima wengi hawazitumii?

Tuanze na mahindi. Aliyepanda wiki ya pili ya Desemba, kufikia katikati ya Februari mahindi yake yanaanza kutoa mbelewele. Huo ndio wakati ambao mvua za kanda hii zina desturi ya kukatika, wiki mbili, pengine tatu. Wazee wanalijua pengo hilo tangu utotoni. Jipya ni joto. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto lililozidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi, na kadiri hewa inavyopata joto ndivyo inavyonyonya maji haraka kutoka ardhini na majanini. Pengo lile lile la siku 15 sasa linauma zaidi.

Na linauma mahali pabaya. Menya hindi changa utazame: kila uzi wa zile nywele umeshikamana na punje moja. Chavua hudondoka kutoka kwenye mbelewele, ikatua juu ya uzi, punje ikatungwa. Mmea ukiwa na maji ya kutosha, mbelewele na nywele hupishana siku chache tu. Ukishikwa na kiu, mbelewele huchanua karibu na wakati wake lakini nywele huchelewa, na zinapochomoza chavua imekwisha kupeperuka. Mvua ikirudi Machi, majani yanachangamka na mpita njia analisifu shamba. Mwenye shamba akimenya anakuta mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Mtama una tabia nyingine. Majani yake yana nta inayozuia maji yasipotee ovyo, mizizi yake huchimba chini, na ukame ukizidi mmea hujikunja na kusimamisha ukuaji hadi mvua irudi. Uwele ni mvumilivu hata kuliko mtama. Wala hakuna uhaba wa mbegu bora katika vitabu vya watafiti. Aina ya Macia, fupi na yenye punje nyeupe, iliidhinishwa nchini mwaka 1999. Wahi na Hakika zilifuata mwaka 2002, zikiwa na uwezo wa kuhimili kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka.

Basi afisa ugani anafika kijijini na kusema, "Mzee, mahindi yanakuangusha, panda mtama." Mzee anajibu, "Mwanangu, nani ataamia?"

Jibu hilo si ukaidi. Hindi limevikwa maganda. Suke la mtama liko wazi. Kwelea kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, na makundi ya ukubwa huo yapo, hula tani 10, yaani magunia 100 ya kilo 100, kati ya macheo na machweo. Zamani watoto walikaa juu ya dungu na makombeo yao, wakaamia kuanzia punje inapoanza kujaa maziwa hadi siku ya kuvuna. Leo watoto wako darasani, na ndipo wanapostahili kuwa. Hakuna aliyeziba nafasi yao.

Ongeza historia. Katikati ya miaka ya 1970 taifa liliyapa mahindi mpango wake, pamoja na mbegu na mbolea, na ugali mweupe ukawa heshima ya meza hata katika nchi ya Wagogo, waliokula uwele na mtama tangu zamani. Jirani zako wote wakilima mahindi nawe ukapanda mtama ekari moja, umewaandalia ndege karamu. Hawana pengine pa kutua. Mtama ukilimwa na kijiji kizima, ukapandwa kwa wakati mmoja, hasara hugawanyika na kila mmoja hubakiwa na chake. Na kwelea wakishakusanyika kwenye malalio yao, kupulizia dawa ni kazi ya serikali na ndege zake, si ya kaya.

Tugeukie maji. Wengi Dodoma huberega: hukwangua ardhi juu juu kwa jembe la mkono na kupanda. Ni haraka, lakini chini ya mkwaruzo huo udongo ni mgumu, na mvua ya kishindo huteremka hadi korongoni. Katika kijiji cha Chololo, mkoani Dodoma, mkulima mmoja alibuni tiba: mashimo yenye upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30, yakiachana sentimita 60 katika mstari na 90 kati ya mistari. Ndani huwekwa majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabaki ya mazao, kisha udongo kidogo na mbegu.

Tupige hesabu. Kwa nafasi hizo, kila shimo linahudumia eneo la nusu mita ya mraba na ushee. Mvua ya milimita 20 hudondosha hapo karibu lita 11, na shimo tupu lina ujazo huo huo. Maji ambayo yangekwenda korongoni yanakaa mizizini, yanausaidia mmea kuvuka Februari.

Lakini ekari moja inataka mashimo 7,500 hivi, tena yachimbwe kiangazi, ardhi ikiwa kama tofali. Tuseme mtu anachimba 100 kwa siku: ni siku 75. Mjane mwenye jembe moja atazitoa wapi? Mwenye ng'ombe anaweza kukodi jembe la kuchana ardhi. Asiye nao aanze na robo ekari, au aingie katika kikundi, wachimbe kwa zamu shamba hadi shamba.

Hata mbegu ina kitendawili chake. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo mkulima anaweza kuchagua masuke mazuri na kuyarudia misimu kadhaa, tofauti na mahindi chotara. Ni neema kwake, lakini kwa muuza mbegu ni mteja asiyerudi, na ndiyo maana rafu za maduka ya pembejeo zimejaa mahindi. Njia iliyopo ni vikundi vya wakulima kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, zikauzwa jirani kwa jirani.

Ukiyapanga yote pamoja, ndege, mashimo na mbegu, utaona kwamba kila ushauri tunaompa mkulima una gharama ya mikono, na kila gharama inamlemea akiwa peke yake. Semina nyingine juu ya faida za mtama haitamwamia ndege. Mpango wa kijiji unaotaja nani atapanda lini, nani atachimba kwa nani na nani atakaa dungu ungemjibu yule mzee.

Wiki ijayo tutafuata gunia la mtama hadi sokoni, tuone nani anapanga bei yake.