Muhuri wa Mwenyekiti Hauhalalishi Kushika Kadi ya Mzee

Swali ni lile lile kila mawakili wa Babati, mkoani Manyara, wanapokaa na wananchi: mzee alikopa, akatoa kadi ya benki mwenyewe kama dhamana, akataja na namba ya siri, wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, sasa kosa liko wapi?

Kosa limejaa humo humo.

Karatasi yenyewe inajulikana. Ukurasa wa daftari, majina mawili, kiasi kikubwa kuliko kilichopokelewa, alama ya dole gumba, muhuri. Watu huishika kama hukumu ya mahakama. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuhalalisha riba wala ya kumkabidhi mtu pensheni ya mwenzake. Muhuri wake unathibitisha tu kwamba walifika mbele yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inadai ridhaa huru, na inayatilia shaka makubaliano na mtu aliyedhoofishwa na umri, maradhi au dhiki. Halafu tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha bila leseni anatenda kosa, hata akiwa na mihuri kumi.

Manyara ilikwisha kuliona hili. TAKUKURU mkoani, chini ya mkuu wake wa wakati huo, Holle Makungu, iliwabana wakopeshaji wa mikopo umiza na kuwarejeshea wastaafu, wakiwamo walimu, fedha walizodhulumiwa. Makaratasi ya makubaliano hayakuwaokoa wakopeshaji.

Kwenye ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, hoja hugeuka kuwa udugu: "Ni bibi yangu, namtunza." Sawa, amtunze. Lakini aliyeaminiwa kumpokelea bibi fedha zake akazitia mfukoni ameiba, na kwa wizi wa aliyekabidhiwa mali ya mwingine Kanuni ya Adhabu inafika miaka 10 jela.

Pengo lipo, na ni la aibu: Kanuni hiyo haina kosa linalotaja kwa jina unyonyaji wa mafao ya wazee na wenye ulemavu, kwa hiyo kesi hukwama kwenye neno "hiari". Uingereza, kwa sheria yake ya 2006, ilifanya kutumia vibaya nafasi ya kuaminiwa kuwa aina ya ulaghai. Ukatili wa unyonyaji huu ulionekana Philadelphia, Marekani, mwaka 2011: watu wazima wanne wenye ulemavu wa akili walikutwa wamefungiwa chini ya jengo ili mafao yao yaliwe. Bunge la Dodoma lina kila sababu ya kulitaja kosa hili waziwazi.

Kwa sasa: mzee aende benki, kadi izuiwe, apewe mpya yenye namba mpya ya siri. Apige *106# aone laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, isije ikawamo asiyoijua. Karatasi isichanwe, ni ushahidi. Leseni ya mkopeshaji iulizwe Benki Kuu. Wizi uende polisi. Kiongozi wa mtaa aliyepewa chochote ili agonge muhuri aripotiwe TAKUKURU, namba 113, bila malipo.