Mchanga wa paka haungoji kesho

Maisha ya ghorofa yametubadilishia mengi, na paka naye hakusalimika. Zamani, iwe Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, paka alikuwa na ua, kichochoro na ufuo. Akimaliza haja yake alijifukia mwenyewe, na hakuna aliyejua. Leo yuko ghorofa ya tatu Tudor, mlango umefungwa, na haja zake ziko kwenye beseni la mchanga kando ya choo. Ukilisahau beseni hilo siku mbili, mgeni atalijua kabla hajakaa kitako.

Lakini harufu si jambo kubwa. Kinachonifanya niandike ni zile nyumba ambazo bibi akishika mimba tu, paka hutiwa kwenye gunia akaenda kutupwa sokoni. Wakubwa wamesikia kwamba paka huharibu mimba, basi hukumu imepita.

Maneno hayo yana asili yake. Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma, ambacho huzaliana ndani ya utumbo wa paka na mayai yake hutoka na kinyesi. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kinaweza kumfikia mtoto tumboni, kikamdhuru macho au ubongo, au mimba ikatoka. Hilo ni kweli, wala si la kupuuza.

Ila sikiliza na upande wa pili. Paka kwa kawaida hutoa mayai hayo kwa wiki 1 hadi 3 tu, baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na huambukizwa kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Paka wa ndani anayekula chakula kilichopikwa ana nafasi ndogo sana ya kuwa nayo. Tena mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kwa hivyo kinyesi kikiondolewa kila siku, aghalabu hatari imetoka nje kabla haijaiva. Wanaolimbikiza mpaka Jumamosi ndio wanaoipa muda.

Mjamzito mwenyewe asiliguse beseni ikiwa kuna mtu mwingine nyumbani. Mume ana mikono miwili. Kama hakuna mtu, avae glavu, kisha anawe kwa sabuni. Na akumbuke kwamba kimelea hichohicho huingia kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Kumfukuza paka huku unakula mishkaki iliyobabuka nje na mbichi ndani hakukukingi.

Kuna na suala la tohara. Tumefunzwa kwamba paka si najisi, na hata maji aliyoyanywa yanafaa kutawadhia. Mkojo na kinyesi chake ni jambo jingine, hivyo ni najisi. Sasa paka ni mnyama msafi kuliko baadhi yetu: beseni likijaa hatalikanyaga, atatafuta mahali pasafi na laini. Nyumbani mwako mahali hapo ni godoro, kapu la nguo na mswala. Ukimpiga atajifunza kukuogopa tu, na kesho atakwenda nyuma ya kochi.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Beseni liwe pana, paka aweze kugeuka, na mchanga uwe na kina cha inchi 2 hivi. Toa uchafu asubuhi na jioni. Ule wa dukani unaoganda ni rahisi kuuokota kwa kijiko cha matundu, lakini bei yake si ya kila mtu. Wengi wetu hutumia mchanga wa kawaida au unga wa mbao kutoka kwa seremala, nao hufaa, ila huo haugandi. Mkojo huzama chini, kwa hivyo badilisha wote kila baada ya siku mbili tatu. Wenye paka wawili waweke mabeseni matatu, au japo mawili. Usiliweke karibu na sahani yake ya chakula. Wewe ungekula hapo?

Wakati wa kuosha, sabuni na maji yanayochemka yanatosha. Usimimine dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe juu ya mkojo, maana vikikutana hutoa hewa ya sumu, na mayai ya toksoplasma yenyewe hayafi kwa klorini. Zile dawa zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji pia ziepuke. Paka hulamba nyayo zake, na nyingi ya dawa hizo ni sumu kwake.

Uchafu usiumwage mtaroni. Mitaro yetu huishia baharini, na huko California fisi-maji wa baharini wamekufa kwa toksoplasma iliyosombwa na mvua kutoka nchi kavu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, lakini karatasi ya unga wa kilo 2 inatosha kabisa.

Faida nyingine ya kulitazama beseni kila siku ni kwamba utaona mapema paka akiugua. Kuhara, damu, minyoo, vyote huonekana hapo. La kuogopwa zaidi ni la dume anayeingia mara kwa mara, akachuchumaa, akalia, na mchanga ukabaki mkavu. Njia ya mkojo imeziba. Huyo hafiki keshokutwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.